Panya, Mahindi na Ini la Mtu
Hotuba kwa wanachama wa Kibera na Kawangware



Kwenye vinu vya posho pana ubishi: kitu kikimdhuru panya, kitamdhuru na mtu? Wengine husema, "Panya si mtu." Ni kweli, lakini sikilizeni.

Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula unga wa karanga zilizoota kuvu. Panya walipolishwa unga wa namna ile wakapata kansa ya ini. Sumu hiyo huitwa aflatoksini, nayo hupatikana hata katika mahindi. Sisi wa reli twajua gunia lililolowa behewani linavyokuwa.

Hapo pakawa na shida. Panya wakubwa hudhurika upesi, lakini panya wadogo huivumilia sana sumu hii. Mtu yu upande gani? Wanyama peke yao hawakuweza kujibu. Peers na Linsell wakapima vyakula vya watu wa Murang'a, na mwaka 1973 wakatangaza kwamba penye sumu zaidi ndipo penye kansa ya ini zaidi. Mwaka 1997 wataalamu wa FAO na WHO wakakadiria kwamba mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hupatikana na hatari mara 30 hivi kuliko asiye navyo, ijapokuwa wamekula sumu sawasawa.

Basi panya alitupa onyo, lakini hesabu ilitoka kwa watu. Onyo lisidharauliwe kwa sababu hesabu imechelewa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafa. Hao walikula nyingi kwa muda mfupi. Kansa huja polepole, bila kelele, kwa yule alaye kidogo kidogo kila siku.

Ndugu zangu, mahindi yenye kuvu ni rahisi kwa bei, si kwa maisha. Kuyapika hakuondoi sumu. Tuchague punje mbovu tuzitupe, tuanike vizuri, na watoto wapate chanjo ya homa ya ini. Sheria ya Kenya hairuhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumu hii katika kilo moja ya mahindi. Naomba tawi letu lidai unga wa kantini zetu upimwe, na majibu yabandikwe ukutani tuyasome.