Nakala Kwanza, Programu Baadaye



Nimeombwa nizungumzie kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, yaani swichi. Fundi akija kuibadilishia programu, wengi wetu humfungulia mlango na kwenda kunywa chai. Mimi sikubaliani na desturi hiyo.

Ndani ya swichi mna programu ya mtengenezaji, na mna mipangilio ya chama chenu. Katika swichi nyingi za Cisco, mipangilio inayotumika hukaa katika kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Isipohifadhiwa, swichi ikiwashwa tena hurudia ile ya zamani. Kwa hiyo fundi aihifadhi kwanza, kisha apeleke nakala kwenye kompyuta nyingine ya chama. Njia ya TFTP ni nyepesi, lakini haiulizi neno la siri wala haifichi kinachopita. Na faili hiyo huweza kuwa na maneno ya siri. Njia ya SCP ni salama zaidi. Nakala isibaki kwa fundi, hata akiwa shemeji yake mweka hazina.

Programu mpya ikishapokelewa, alama yake ya uhakiki ilinganishwe na iliyotolewa na mtengenezaji, ndipo swichi iwashwe upya. Kazi hii isifanywe siku ya malipo. Swichi ikigoma, mkulima aliyeondoka nyumbani alfajiri atarudi mikono mitupu.

Nakala iandikwe tarehe na kufungiwa katika sefu. Nitakapokuja kukagua, nitaiomba pamoja na daftari la fedha.