Mwanaanga wa Pipa: Kazi ya Matha Mwamba



Nilipoitaja mada hii katika kikao cha idara, mwenzangu mmoja alicheka mpaka akavua miwani. "Hivyo ni vichekesho, si historia," akasema. Kauli hiyo nitaijibu kwa kirefu kuliko inavyostahili.

Habari za Edward Mukuka Nkoloso wengi mnazo, basi nazipitia mbio: mwalimu, askari wa Vita Kuu ya Pili, mpigania uhuru aliyefungwa na wakoloni, kisha, miaka ya 1960, mwanzilishi wa chuo cha anga nje kidogo ya Lusaka. Aliapa kuwatangulia Wamarekani na Warusi, akaiomba UNESCO pauni milioni 7. Hakupewa.

Kinachonishika ni filamu fupi ya televisheni ya wakati huo, ambayo sichoki kuitazama. Kijana anaingizwa ndani ya pipa la mafuta, pipa linasukumwa, linabiringika mteremkoni likirukaruka. Mtangazaji Mwingereza anamalizia kwa kuwaita wote wendawazimu. Magazeti yanaongeza bembea ambayo kamba yake hukatwa ikiwa juu kabisa, ili anayeanguka aonje kukosa uzito. Wanafunzi walifundishwa hata kutembea kwa mikono. Nyota wao alikuwa Matha Mwamba, msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka 18, aliyepangiwa kusafiri na paka wawili.

Mwenzangu anasema asiyefika angani si mwanaanga. Haya. Mwaka 1962 Wasovieti waliteua wanawake watano. Valentina Tereshkova akaruka Juni 1963. Irina Solovyova, aliyekuwa akiba yake, hakuruka kamwe, wala wale wengine watatu, na mwaka 1969 kikosi kikavunjwa. Nani anamcheka Solovyova? Atajibu kwamba yeye alikuwa na mashine za kweli. Nakubali, pipa si mashine, na roketi ya Nkoloso haikuwa ya kumfikisha mtu popote. Lakini hapo amekwisha badilisha kipimo: alianza na kufika, sasa anahesabu vifaa. Kwa kipimo cha kufika, Solovyova na Matha wako foleni moja. Kwa kipimo cha vifaa, tujiulize sisi wenyewe: tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya. Vifaa vilikuwapo pwani kwetu. Mwanaanga hatukuwa naye, hata wa pipa.

Mimi nimekulia hapa Dagoretti. Madishi ya Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner yalinifunza mapema kwamba kazi ya anga hufanywa zaidi na watu wa chini, ambao jioni hugombania matatu za Ngong Road kama sisi wengine. Imani hiyo sijaiacha.

Je, Nkoloso alikuwa akitania? Mwandishi Mzambia Namwali Serpell, katika makala yake ya mwaka 2017 kwenye jarida la The New Yorker, anaupa uwezekano huo uzito unaostahili. Nimepima hoja za pande zote, na bado naamini mzee yule aliwachezea wakubwa shere. Katika makala yake gazetini alisema amemwonya mmisionari wa safari yake asiwalazimishe wakazi wa Mirihi kuwa Wakristo kama hawataki. Mwendawazimu gani ana ulimi mkali hivyo?

Hata hivyo, tukibishana juu ya akili za Nkoloso tunamsahau Matha. Alipata mimba, wazazi wakamchukua, na simulizi nyingi zinamwachia hapo, pamoja na paka wake. Solovyova aliandikwa mpaka uzeeni, hadi safari yake ya kuteleza kwa ski huko Antaktika. Basi, wanafunzi wa historia mlioketi hapa, anayetafuta mada ya tasnifu aanze na Matha Mwamba na waliomfahamu, kabla hawajaisha. Nitaisimamia mwenyewe.