Shukrani Baada ya Kiangazi

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, mbele ya mkutano wa waliosoma shuleni hapa)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu wetu, ndugu zangu tuliokula ugali wa bweni pamoja, nanyi wanafunzi mliokaa chini kwa sababu viti vyenu tumevikalia sisi:

Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, aliniachia nichague habari mwenyewe, isipokuwa alinisihi nisigusie posho za safari wala upandishaji wa vyeo. Nimetii. Nitazungumza juu ya shukrani. Hasa shukrani ya watu wa nyumba moja waliotawanyika kiangazi kizima, kila mtu na kazi yake, kisha wakakutana tena wakiwa wazima. Jambo hili lilinifika mwenyewe mwaka 2022. Lakini hapa ziwani kwetu lilikwisha kumfika zamani mama mmoja wa Kiingereza ambaye nadhani wengi wenu hamjapata kumsikia, nami nitaanza na yeye.

Mgeni akishuka Kigoma, kesho yake tunampeleka Ujiji kwenye miembe, tukamwonyeshe mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ila watoto wetu hukua wakidhani kwamba wazungu waliofika Ujiji walikuwa wanaume wenye ndevu tu, wasio na mke wala mtoto. Livingstone alikuwa na mke, Mary, naye alikwisha kufa Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862. Hakuiona Ujiji.

Huyu mama ninayemsema aliiona. Aliitwa Annie Hore. Mumewe, Edward Coode Hore, alikuwa baharia aliyeajiriwa na Jumuiya ya Misheni ya London. Alifika Ujiji tarehe 23 Agosti 1878, baada ya safari iliyoanzia pwani mwaka 1877 na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe walikufa njiani kwa mbung'o, na mizigo ikaishia vichwani mwa wapagazi kama ilivyokuwa desturi. Hawajatimiza mwezi mmoja Ujiji, mkubwa wa msafara, Thomson, akafa. Mwaka uliofuata akafika mwenzao Dodgshun, naye akafa baada ya siku chache tu. Hore akabaki. Kazi yake ilikuwa kupima ziwa, kutafuta bandari, na kuendesha mashua ya misheni.

Mwaka 1881 akiwa kwao Uingereza alioa. Mwaka 1882 mke wake, akiwa na mtoto mchanga, alijaribu kumfuata bara, ikashindikana, akarudi. Mume akaendelea na mashua ya chuma iliyokatwa vipande vipande ili ibebeke. Sasa hebu fikirini, ninyi mnaolalamika simu ikikosa mtandao kwa saa mbili. Mume yuko Ujiji, mke yuko ng'ambo ya bahari, na barua inakwenda kwa miguu ya mpagazi mpaka pwani kabla haijapata meli. Mtu anaweza kuwa amekwisha kuzikwa, na bado mkewe anamsomea mtoto barua yake yenye maneno ya kwamba hajambo.

Mwaka 1884 wakajaribu tena, safari hii wote watatu. Mama huyu aliwekwa katika kiti cha magurudumu, cha aina wanayosukumiwa wagonjwa huko kwao. Njia za huku hazikufaa magurudumu, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari kiti kilibebwa na watu. Kutoka Saadani mpaka Ujiji, zaidi ya kilomita 1,200, walitumia siku 90. Januari 1885 wakaingia Ujiji, mtoto wao Jack akiwa na umri wa miaka miwili na ushei. Kisha wakahamia kisiwa cha Kavala, ng'ambo ile, karibu na pwani ya Kongo.

Msidhani kwamba baada ya kufika waliketi pamoja wakinywa chai. Mume alikuwa nahodha, na kazi ya nahodha iko majini. Meli ya misheni iliyoitwa Habari Njema ilikuwa ikiundwa kusini kabisa mwa ziwa, na mwaka 1885 ndipo iliposhushwa majini. Mnalijua ziwa letu: urefu wake unapita kilomita 650, na kiangazi upepo wa kusi ukianza kuvuma hata mvuvi wa Kibirizi aliyezaliwa juu ya mtumbwi huvuta chombo chake mchangani. Mama alikaa kisiwani na mtoto, anatazama maji.

Mwaka 1886 Annie Hore alitoa kitabu juu ya safari ile ya kitini. Ni kitabu cha mtu mwenye shukrani: wamefika, mtoto mzima, mume mzima, Mungu amewalinda. Nilikisoma nikiwa Chuo Kikuu, nikitafuta habari za Ujiji kwa ajili ya insha, na nakiri kwamba nilicheka kidogo. Nilikuwa kijana wa Ujiji, nimelelewa msikitini na madrasa, nikaona hapa pana mzungu amebebwa kama mzigo wa pembe halafu anamshukuru Mungu kwa kumfikisha! Nikafunga kitabu.

Baadaye nikajua yaliyofuata. Familia ile iliondoka ziwani mwaka 1888. Jack, aliyevuka nyika ile yote, aliyeishi kisiwani miaka na homa isimwue, alikufa mwaka 1889 huko kwao Uingereza. Nilipolijua hilo kicheko kilinitoka. Nikajiuliza, je, shukrani ile iliyopigwa chapa mwaka 1886 ilikuwa ya bure? Nimekaa na swali hilo miaka mingi, na jibu langu, ambalo mnaweza kulikataa, ni kwamba haikuwa ya bure. Siku ile mtoto alikuwa mzima, nao wakashukuru kwa siku ile. Shukrani si risiti ya kumdai Mungu kesho.

Ila liko jambo jingine, na hili ndilo lililonileta hapa mbele. Kitabu kiliandikwa na aliyekaa kitini. Waliobeba kiti hawakuandika kitabu.

Nao pia walikuwa na nyumba. Wengi wa wapagazi wa njia ile ya kati walikuwa Wanyamwezi, na desturi yao ilikuwa kuondoka baada ya mavuno, watembee kiangazi, wajitahidi kurudi mvua zikianza ili wawahi kulima. Kwa hiyo kila kiangazi vijiji vya Unyamwezi vilibaki na wanawake, wazee na watoto wakitazama njia, kama mama yule alivyotazama maji. Wengine walirudi na kaniki na shanga. Wengine hawakurudi. Bila shaka waliporudi walishukuru pia, kwa ngoma na kwa pombe na kwa tambiko, lakini shukrani yao haikufika kwa mpiga chapa.

Na kama mnaona nazungumza mambo ya kale, nitawatajia babu yangu mzaa baba, mtu wa Heru Juu, Kasulu. Katika miaka ya 1950 alichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga, mmoja wa maelfu ya Waha waliopelekwa huko na ofisi ile ya mabwana mkonge iliyoitwa SILABU. Aliitwa manamba, maana walijulikana kwa namba. Alikaa miaka mitatu. Alirudi na blanketi, sanduku la bati na kikohozi. Bibi alikuwa ameilea nyumba peke yake muda wote huo. Watu walikuja kumpongeza babu kwa kurudi salama, wakamwimbia. Bibi alituambia kwamba siku ile alikuwa jikoni tangu alfajiri mpaka usiku, na hakuna aliyemwuliza alivyoishi.

Hadithi hiyo ya bibi niliisikia nikiwa mtoto, nikaiona ya kuchekesha. Sasa sikilizeni kilichonipata mimi, msomi.

Kiangazi cha mwaka 2022 nyumba yetu ilitawanyika. Mimi nilipangwa katika shughuli za Sensa ya Watu na Makazi, nikapelekwa mkoa mwingine tangu Juni. Siku ya kuhesabiwa ilikuwa 23 Agosti, tarehe ile ile ambayo Hore aliingia Ujiji miaka 144 nyuma, jambo ambalo halina maana yoyote ila mimi hupenda kulisema. Mke wangu alikuwa masomoni Dodoma. Kijana wetu mkubwa alikuwa bweni huko Tabora. Binti yetu mdogo, mwenye miaka sita, tulimwacha Ujiji kwa mama mkwe wangu.

Mwanzoni mwa Agosti mtoto aliugua malaria kali, usiku, akaanza kupoteza fahamu. Mama mkwe ni mtu mzima, miguu haimsaidii. Aligonga ukuta kumwita jirani, mama anayeuza dagaa wa kukaanga Kibirizi. Mama yule alimfunga mtoto mgongoni, akapanda pikipiki mpaka hospitali ya mkoa, akaketi naye siku tatu. Dagaa wake wa siku hizo waliharibika. Mimi sikujua kitu. Kila nilipopiga simu niliambiwa mtoto hajambo, anacheza. Nilipomwuliza mama mkwe baadaye kwa nini alinificha, alinijibu, "Mwanangu, ungeacha kazi ya serikali uje kufanya nini? Kuna watu hapa."

Septemba tukakutana wote nyumbani. Nilisoma dua ya shukrani: masheikh, pilau, majirani, mabenchi ya kukodi. Nikasimama, nikiwa nimevaa kanzu mpya, nikamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nikawashukuru wakubwa zangu wa kazi, nikamshukuru mama mkwe, nikamalizia kwa maneno yale tunayoyapenda sana maofisini: na wengine wote waliosaidia kwa njia moja au nyingine. Binti yangu alikuwa mapajani pa mama yake. Akasema, kwa sauti ya mtoto isiyojua mkutano, "Baba, aliyenibeba yuko uani."

Nilitoka uani. Mama yule alikuwa ameinama, kanga kiunoni, anasugua sufuria za pilau. Alikuja tangu asubuhi kutusaidia kupika, kama jirani afanyavyo, na sikuwa nimekumbuka hata kumwekea mahali pa kukaa. Aliponiona alidhani nimekuja kuulizia maji ya kunawa wageni, akaniambia yako kwenye ndoo.

Sikujua la kusema. Nilimwita ndani, akakataa kwa sababu nguo zake zimelowa. Basi nikamwomba sheikh atoke yeye, na wageni wakatoka, dua ikamaliziwa uani, katikati ya masufuria. Wako waliosema kwamba nimefanya vituko. Pesa za dagaa nilitaka kumlipa akazikataa mara mbili. Mara ya tatu mke wangu alimnunulia karai jipya na gunia la mkaa, hilo akalipokea.

Wanafunzi, nyinyi mko bweni na nyumbani kwenu yuko mtu ambaye sasa hivi anachota maji mliyokuwa mkichota ninyi. Sitawafundisha adabu, mnao walimu. Nasema tu na wenzangu wa rika langu. Katika toleo la gazeti hili la mkutano uliopita nimehesabu majina ya waliotajwa na kushukuriwa: wakuu wa shule, wafadhili, mgeni rasmi, sisi wenyewe tuliofika vyeo. Sikuona jina la mpishi hata mmoja. Sikumwona yule mlinzi wa usiku aliyekuwa akituamsha kujisomea kabla ya mtihani, wala mama aliyetuuzia maandazi kwa mkopo pale langoni na ambaye baadhi yetu, nawatazama hapa hapa, hatukumlipa mpaka leo.

Kwa hiyo nimeleta daftari. Ni counter book ya kawaida, kurasa mia mbili, iko pale juu ya meza karibu na mlango, na kalamu imefungwa kwa uzi kwa sababu nawajua. Kila aliyesoma hapa, kabla hajaenda kula, aandike jina la mtu mmoja aliyembeba na mwaka wenyewe, na kama anajua anakoishi sasa aandike pia. Katibu amekubali kuyachapa yote katika toleo lijalo. Mimi nimeanza na mama wa maandazi, na nimeambatisha deni langu ndani ya bahasha. Anayejua mtaa anaokaa tafadhali anione baada ya chakula.