VIMPIRA, KOMPYUTA NA HAKI YA KURA
Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia





Padre akisimama kuzungumzia bahati nasibu, wengi hungojea jibu la swali moja: je, ni dhambi au si dhambi? Swali hilo Kanisa limekwisha kulijibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya kubahatisha yenyewe haipingani na haki, lakini haikubaliki pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa riziki yake na ya wanaomtegemea. Namba hiyo hiyo inasema pia kwamba kudanganya katika michezo ni jambo zito, isipokuwa madhara yake yakiwa madogo mno. Fundisho la kwanza tumelihubiri mara nyingi. La pili tumelisahau, nalo ndilo ninalotaka tulitafakari leo. Mtu aliyetoa fedha yake halali akanunua tikiti, anajuaje kwamba kura iliyopigwa ilikuwa ya haki?

1. Namna mbili za kupiga kura

Namna ya zamani ni ya vimpira. Vimpira vyenye namba hutiwa katika chombo kinachoonyesha ndani, upepo wa feni huvirusha huku na huku, kisha kimoja kimoja hutoka mbele ya watu. Kabla ya hapo hupimwa uzito na ukubwa, na hutunzwa chini ya kufuli. Hata asiyejua kusoma aweza kutazama na kuelewa kinachotendeka.

Namna ya pili ni ya kompyuta. Kompyuta haina bahati. Hufuata amri ilizoandikiwa. Programu yake huanza na namba moja ya siri, ambayo wataalamu huiita mbegu, na kutokana na mbegu hiyo hukokotoa namba za ushindi. Mbegu ikiwa ile ile, na namba zitakuwa zile zile. Ndiyo maana mbegu hutafutwa katika jambo lisilotabirika. Njia hii ni ya haraka na ya gharama ndogo, ila watazamaji huona namba tu zikitokea kwenye kioo. Kazi yenyewe imefanyika mahali ambapo jicho halifiki.

2. Vimpira navyo vyaweza kusema uongo

Tusidhani kwamba mambo ya zamani yote yalikuwa safi. Tarehe 24 Aprili 1980, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, bahati nasibu ya tarakimu tatu ilitoa 666. Mtangazaji wa televisheni aliyeiendesha, Nick Perry, alikuwa amekula njama na wenzake. Vimpira vyote, isipokuwa vya namba 4 na 6, vilidungwa rangi vikawa vizito, visiweze kupanda. Hivyo yalibaki matokeo manane tu yaliyowezekana, na wenye njama wakayanunulia yote tikiti. Lakini njama ile ilihitaji mikono mingi: wa kupaka rangi, wa kubadilisha vimpira, wa kununua tikiti. Fedha nyingi mno zilimwagwa juu ya namba zile zile, watu wakaanza kunong'ona, na uchunguzi ukafanyika mwaka huo huo. Mwaka 1981 Perry alitiwa hatiani.

Aidha, kura ya mkono yaweza kukosa haki bila mwizi yeyote. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani ilipiga kura ya kuwachagua vijana wa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe 366 za kuzaliwa ziliwekwa katika vidonge vya plastiki, lakini havikuchanganywa vema. Kati ya siku 31 za Desemba, ni siku 5 tu ambazo wazaliwa wake hawakufikiwa na mwito. Uzembe wa kuchanganya uliwaelemea vijana waliozaliwa mwishoni mwa mwaka. Hata hivyo, kwa kuwa matokeo yote yalikuwa hadharani, wajuzi wa hesabu waliiona kasoro, na mwaka uliofuata utaratibu ukarekebishwa.

3. Kompyuta na kosa lisiloonekana

Mwaka 2007 jimbo la Tennessee liliacha vimpira likaingia katika kompyuta. Kwa muda wa wiki kama tatu programu ilikuwa imepangwa vibaya, isiweze kutoa tarakimu moja mara mbili katika droo moja. Katika mchezo wa tarakimu tatu, matokeo 280 kati ya 1,000 yana tarakimu iliyojirudia. Katika mchezo wa tarakimu nne, ni 4,960 kati ya 10,000. Aliyechagua 7-7-3 alilipa fedha sawa na wenzake, lakini hakuwa na nafasi hata moja ya kushinda. Wala hakuna aliyekusudia kumwibia.

Jambo la namna hiyo liligusa pia bahati nasibu ya viza za Marekani, ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki wameijaribu. Mwezi Mei 2011 watu wapatao 22,000 duniani walikuwa wamearifiwa kwamba wamechaguliwa. Kisha ikagunduliwa kwamba, kwa kosa la programu, zaidi ya asilimia 90 yao walikuwa wametuma maombi katika siku mbili za kwanza, ingawa muda wa maombi ulikuwa wa siku 30. Matokeo yalifutwa, kura ikapigwa upya mwezi Julai. Fikirini machozi ya waliokwisha kushukuru Mungu. Lakini fikirini pia haki ya wale wengine, ambao maombi yao yalikuwa yametupwa kando bila wao kujua.

Kisa kizito zaidi ni cha Eddie Tipton. Huyu aliandika programu za kuchezesha droo katika chama cha bahati nasibu za majimbo mbalimbali ya Marekani, chenye makao katika jimbo la Iowa, akapanda cheo hata kuwa mkurugenzi wa usalama wa mitambo. Mbegu ya programu ilipaswa kutoka katika kifaa kinachopima mionzi iliyomo hewani. Yeye aliingiza kwa siri amri kwamba katika tarehe tatu za mwaka, droo ikiangukia siku fulani za juma na saa fulani, kompyuta ikiache kifaa kile na kutumia njia ambayo yeye aweza kuikisia. Namba zilizowezekana zikapungua kutoka mamilioni hadi mamia machache. Udanganyifu ulianza Colorado mwaka 2005, ukafuata Wisconsin mwaka 2007, na majimbo mengine baadaye.

Alinaswaje? Si kompyuta iliyomsaliti. Tikiti ya droo ya tarehe 29 Desemba 2010, yenye zawadi ya dola milioni 16.5, ilikaa karibu mwaka mzima bila kudaiwa. Kisha wakaja mawakili kuidai kwa niaba ya mtu wasiyetaka kumtaja, na wakuu wa bahati nasibu ya Iowa wakakataa kulipa. Picha za kamera ya dukani zilipotangazwa mwaka 2014, watu waliomfahamu mnunuzi walimtambua. Mwaka 2017 alikiri makosa, akahukumiwa kifungo kisichozidi miaka 25.

Pimeni tofauti yake na kisa cha Pennsylvania. Kule njama ya watu wengi ilifichuka katika mwaka ule ule. Huku mtu mmoja, aliyekabidhiwa ufunguo na ulinzi kwa pamoja, alifaulu kwa miaka mingi.

4. Maandiko yanatufundisha nini?

Katika Matendo ya Mitume sura ya 1, Mathia alichaguliwa kwa kura mahali pa Yuda. Jumuiya iliyokutana siku zile ilikuwa ya watu wapata 120. Majina mawili yalitajwa wazi, watu wakasali, kisha kura ikapigwa. Hakuna aliyeambiwa baadaye kwamba kura imekwisha kupigwa chumbani.

Kura nyingine ilipigwa chini ya msalaba. Askari waliligombea vazi la Bwana kwa kura, na yamkini hawakupunjana. Lakini vazi lile halikuwa lao. Basi kura inahitaji mambo mawili: ipigwe kwa haki, na kinachogawanywa kiwe halali. Fedha ya unga wa watoto haiwi halali kuchezewa kwa sababu tu mtambo ni mwaminifu.

5. Wajibu wetu

Ndugu zangu, sisemi kwamba vimpira ni vitakatifu na kompyuta ni ya shetani. Ninachosema ni hiki: mtambo wowote ambao aliyeshindwa hawezi kuuchunguza, unamdai imani ambayo mwanadamu hastahili kudai kwa mwenzake. Nasi twapiga kura kwa mambo makubwa kuliko zawadi: viwanja, misaada ya chakula, nafasi za kusomeshwa. Kwa hiyo hatuna budi kushika yafuatayo:

(a) Kura ipigwe hadharani, kwa saa iliyotangazwa. Vishina vya tikiti vihesabiwe kwanza, vichanganywe vema, wala visitupwe mpaka malalamiko yote yamesikilizwa.

(b) Anayeandaa kura asiwe ndiye anayeikagua. Uaminifu wake hautukaniwi kwa kukaguliwa, bali unalindwa.

(c) Waandaaji na watu wa nyumbani mwao wasinunue tikiti.

(d) Tukiletewa kura ya kompyuta au ya simu, tuulize: programu imeandikwa na nani, imekaguliwa na nani asiye mwajiriwa wake, na je, imefungwa isiguswe kabla ya mauzo ya tikiti kufungwa? Asiye na jibu, tusimkusanyie fedha za waamini.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

Je, katika mtaa wetu kuna kura inayopigwa pasipo mashahidi? Ni nani anayeumia ikikosewa? Kamati yetu itaanza kuuliza lini, na itamwuliza nani?

Kristo, jua la haki, atuangazie. Amina.