Kwa Mrombo tunaulizwa lini? Hotuba kwa vijana kabla ya Novemba 27

*Hotuba hii ilitolewa na mwenzetu kwenye kikao cha ndani cha vijana, Kwa Mrombo, mwishoni mwa Septemba 2024. Wengi mliikosa na mkaomba tuiweke hapa. Tumepunguza salamu tu, mengine yako kama yalivyosemwa.*

Bodaboda mliopaki nje, asanteni kwa kuacha hela ya jioni mkaja kusikiliza maneno.

Leo nina jambo moja tu. Hapa kwetu miradi inapita kila siku, ila sisi wenyewe hatuulizwi. Hiyo ndiyo shida ya Kwa Mrombo, na nitaieleza kwa maji, kwa makorongo na kwa vichochoro vyetu. Kisha nitasema nini tufanye kabla ya Novemba 27.

Mtu wa mjini akisikia Kwa Mrombo anawaza nyama. Wikiendi magari yanashuka kutoka Njiro, Sakina mpaka Usa River. Watu wanakula mbuzi, wanakunywa supu, wanarudi makwao. Karibuni sana, biashara ni biashara. Lakini nani kati yao ameshauliza yale maji ya kuoshea nyama yametoka wapi, na yakimwagwa yanaenda wapi? Mwenye kibanda anajua. Jirani wa nyuma ya kibanda anajua zaidi.

Sasa tuhesabu pamoja. Dampo la jiji zima liko kwetu, kata ya Muriet, lilijengwa kisasa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kupitia mradi wa miji ya kimkakati. Barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4, Ngaramtoni hadi Usa River, imepita upande wetu huu wa kusini. Hapo Olmoti unajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, mkataba ulisainiwa Machi mwaka huu, thamani yake kama shilingi bilioni 286. Na upo mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, shilingi bilioni 520. Uwanja na maji peke yake ni zaidi ya bilioni 800.

Sipingi hata mradi mmoja. Atakayekuja hapa kuwaambia wapinzani hawataki maendeleo, mwambieni mpira tunaupenda na lami tunaipenda. Ninachouliza ni hiki: ukiiacha lami, ukaingia ndani hatua 200 tu, unakuta nini?

Kwanza, maji

Serikali ilisema mradi ule utapandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi lita milioni 200. Ni hatua kubwa, tuiseme hivyo. Lakini maji yaliyo kwenye bomba kuu hayajafika bado kwenye sufuria ya mama. Kati ya bomba kuu na sufuria kuna gharama ya kuunganishiwa, kuna mita, kuna ratiba ya mgao, kuna baba mwenye nyumba ambaye hataki kuvuta maji kwa sababu wapangaji watanunua dumu hata hivyo.

Fanya hesabu ndogo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Dumu moja ni lita 20. Kwa hiyo uniti moja ni madumu 50. Ukinunua dumu kwa shilingi 100, umelipa 5,000 kwa uniti. Ukinunua kwa 200, umelipa 10,000. Sasa muombe jirani mwenye bomba akuonyeshe bili yake, ulinganishe mwenyewe. Utakuta maskini wa mtaa huu ananunua maji kwa bei ambayo mwenye ghorofa hajawahi kuilipa.

Halafu kuna floraidi. Mlima wetu Meru ni volkano, na miamba yake inatia floraidi kwenye maji. Wote mnajua tukicheka mbele ya wageni wanatuuliza, nyie mnatoka Arusha? Tunacheka, lakini si mzaha. Meno yanaharibika mtoto akiwa mdogo, wakati yanajengeka ndani ya ufizi, na floraidi ikizidi kwa miaka mingi inafika mpaka kwenye mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu mpaka miligramu 4, kwa sababu maji ya mikoa kama yetu yasingepita.

Na mama zangu, hili mlibebe mrudi nalo nyumbani: kuchemsha maji kunaua vijidudu, hakutoi floraidi. Maji yakipungua kwa kuchemka, floraidi inabaki ile ile ndani ya maji machache. Magadi tunayowekea maharage nayo yana floraidi. Kwa hiyo mtaa una haki ya kuuliza: kisima hiki tunachochota kimepimwa lini, na karatasi ya majibu iko wapi? Swali hilo halihitaji kadi ya chama.

Pili, makorongo

Aprili 12 mwaka huu gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo, upande wetu huu wa Sinoni na Muriet. Watoto waliondoka nyumbani asubuhi na sare zao, hawakurudi. Sitaongeza maneno juu ya hilo, kwa sababu wapo humu waliokwenda kwenye mazishi.

Ila tuseme ukweli, mvua ile haikuwa ngeni. Maji ya mlimani yanashuka kuja kusini tangu babu zetu. Kilichobadilika ni jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 ndani ya Jiji la Arusha. Sensa ya 2022 ikahesabu 617,631. Ni watu zaidi ya 200,000 walioongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi hawakwenda Uzunguni. Walikuja pembezoni, kama hapa, kwenye kiwanja cha bei wanayoiweza. Kila bati jipya juu, kila ua uliosakafiwa, kila shamba lililogeuka nyumba, ni maji ambayo zamani yalizama ardhini na sasa yanakimbilia korongoni kwa pamoja. Korongo ni lile lile, na wengine wameshalijaza taka.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nzuri. Lakini mtu anaponunua kipande pembeni ya korongo, makaratasi yanaandikwa, mashahidi wanasaini, watu wanachukua chao. Miaka kumi baadaye ndiyo anakuja mtu na rangi nyekundu kuchora X ukutani. Hiyo sheria ilikuwa imelala wapi siku ya kuuziana?

Madaraja, vivuko na mitaro si vitu vya kifahari. Mtoto anakatisha korongo mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Kivuko cha watembea kwa miguu si mradi wa mabilioni, na ndiyo maana hakuna kiongozi mkubwa anayekuja kukikatia utepe.

Tatu, vichochoro

Viwanja vyetu vimekatwa robo kwa robo. Muuzaji alitaka kila hatua iwe hela, hakuacha njia. Leo moto ukiwaka, gari la zimamoto linaishia barabarani. Mjamzito usiku anabebwa mpaka bajaji ilipoishia. Gari la kunyonya choo halifiki, choo kikijaa kinafunguliwa siku ya mvua, na sote tunajua yale maji yanapita mlangoni kwa nani. Gari la taka nalo halifiki, halafu taka za jiji zima zinapita hapa hapa kwenda dampo. Tunavuta harufu ya taka za wenzetu, na zetu zimebaki nyuma ya nyumba.

Dawa yake inajulikana, ni urasimishaji: majirani wanakaa, kila mmoja anaachia kidogo, njia inapatikana, ramani inachorwa. Lakini hakuna jirani atakayebomoa ukuta wake kwa amri ya mtu asiyemwamini. Lazima awepo mwenyekiti wa mtaa anayeaminika, anayesoma mapato na matumizi mbele ya watu, na ambaye mwenyewe hakupata chochote kwenye kile kiwanja kilichouzwa mara mbili.

Sasa tufanye nini?

Najua mnachowaza. 2019 tulijaribu, wagombea wetu wakaenguliwa kwa sababu za ajabu ajabu, ofisi zikafungwa siku ya kurudisha fomu, chama kikajitoa, wenzetu wakajitangazia ushindi wa asilimia 99. Dogo mmoja kaniuliza juzi, kaka, tukapige kura ya nini?

Sina jibu la kumdanganya. Inawezekana wakarudia. Lakini angalieni kalenda. Uandikishaji wa wakazi ni Oktoba 11 hadi 20. Kura ni Novemba 27. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na halmashauri zinaanza kupanga bajeti miezi mingi kabla. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa atakayeapishwa baada ya Novemba anaingia moja kwa moja kwenye msimu wa mipango. Yeye ni mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Pale ndipo inapoamuliwa kata ipeleke nini juu: kivuko, mtaro, zahanati au darasa. Miaka mitano mtu anayekaa kwenye kiti kile akiwa amesinzia, sisi tunalala gizani.

Na kumbukeni tulipo. Mlima huu una historia. 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi wakapewa walowezi. Hawakuwa na mbunge wala diwani. Walichanga fedha zao wenyewe, na 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kueleza yaliyotendeka. Hawakurudishiwa ardhi siku ile. Lakini dunia nzima ilisikia, na TANU ilipozaliwa 1954 huku kwetu watu walikuwa wameshajifunza kudai. Kirilo alikuwa na kitu cha kusema kwa sababu watu wake walijua walichopoteza, nyumba kwa nyumba.

Basi na sisi tujue chetu, nyumba kwa nyumba. Kila kijana humu achukue njia moja ya mtaa wake na daftari la kawaida. Andika: nyumba ngapi, ngapi zina bomba, bomba lilitoa maji siku ngapi wiki hii, dumu ni bei gani, bajaji inaishia wapi, watoto wanakatisha korongo wapi. Usiandike majina ya watu, na usiulize mtu ni wa chama gani. Mwenye kadi ya kijani naye anabeba dumu.

Hiyo orodha tuipeleke kwenye mkutano wa mtaa, isomwe, iingie kwenye muhtasari. Wakikataa kuisoma, tubandike nakala ofisini. Wagombea wetu wasimame na orodha hiyo hiyo mkononi, wasiseme "nitaleta maendeleo". Waseme: kivuko hapa, mtaro huu, kisima kile kipimwe.

Na kwa upande wa kipato, mikopo ya asilimia 10 iliyosimamishwa Aprili 2023 imerudi. Asilimia 4 ni ya vijana. Undeni vikundi sasa, AFCON haitasubiri mtu. Wageni watakuja kula nyama Kwa Mrombo. Tuwe wenye vibanda, tusiwe wa kulinda magari tu.

Oktoba 11 saa mbili asubuhi nataka kuwaona kituoni, kila mmoja na jirani wawili. Fomu za wagombea zijazwe na watu wawili, zikaguliwe na wa tatu, kosa la herufi moja lisitutoe tena. Na Novemba 27 kila kituo kiwe na wakala aliyekula, mwenye simu iliyojaa chaji, asiyenunulika kwa kilo ya mbuzi.

Madaftari yapo pale mlangoni kwa dada katibu. Ukitoka, chukua moja.

Hakuna kulala!