Usiongeze Mafuta Kabla ya Kuziba Yanapovujia

Maandiko ya kusoma: Yeremia 2:13, Mathayo 5:23-24, Waefeso 4:31-32

Leo nitaanza na mashine ya kusaga mihogo, halafu tutaingia katika Neno.

Kanisa letu lina mashine ya namna hiyo, yenye moteri ndogo ya mazutu, ya pistoni moja. Akina mama waliichangia wenyewe. Faida yake inasaidia wajane na kulipia yatima masomo. Kwetu, bila unga wa mihogo hakuna bugali, kwa hiyo kazi haikosekani.

Mwaka jana faida ilianza kupungua. Mzee wa kanisa aliyeshika daftari aliandika: mafuta ya moteri, lita moja. Juma lililofuata: lita moja tena. Na tena. Mimi nikasoma, moyo wangu ukasema neno baya: moteri ndogo hivi haiwezi kunywa hivyo, huyu anakula pesa ya wajane. Nikalisema katika kikao, mbele ya mashemasi. Alipofungua kinywa kujibu, nikamkata: "Tuombe, tufunge kikao."

Tangu siku hiyo alikuja ibadani, akaketi karibu na mlango, na akatoka kabla ya Meza ya Bwana. Akina mama wakagawanyika, hawa upande wake, hawa upande wangu. Mikesha ikapoa. Nami nilifanya nini? Nikatangaza kufunga siku tatu. Haikutosha, nikatangaza mkesha. Nikaalika kwaya. Watu waliimba, walilia, waliomba kwa lugha. Jumatatu tulikuwa vilevile.

Asubuhi moja kijana anayeendesha mashine alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, kikatoka kikavu. Kwa nini? Kwa sababu juma hilo mimi nilikataa kutoa pesa ya mafuta. Namshukuru Mungu kwamba kijana alipima kabla ya kuwasha. Angeiwasha hivyo, vyuma vya ndani vingesagana na moteri ingekwama kabisa.

Tukaita fundi kutoka sokoni Baraka. Nilikuwa na bidoni ya mafuta mkononi, tayari kumimina. Akakataa. Akachimba udongo chini ya mashine kwa kisigino chake. Ulikuwa mweusi, umelowa. Akasema, "Pasta, mafuta yenu yako hapa."

Wapendwa, nilisikia aibu. Daftari la yule mzee lilikuwa la kweli. Sikuwahi hata siku moja kuinama na kutazama chini ya mashine.

Mungu alimwambia Yeremia kwamba watu wake wameacha chemchemi, wakajichimbia visima vilivyopasuka visivyoshika maji. Kisima kilichopasuka hakiponi kwa kumiminiwa maji mengi. Ndivyo nilivyokuwa nafanya na kanisa la Mungu.

Sasa sikia kazi ya fundi, maana mimi niliisikia kama mahubiri.

Kwanza, alihakikisha moteri imezimwa na imepoa. Yesu katika Mathayo 5 anasema hivyo hivyo kwa mtu aliyefika madhabahuni: akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende kwanza kupatana. Hata ibada inasubiri.

Pili, aliifuta moteri yote kwa kitambaa chenye mazutu hadi ikawa safi. Akasema mafuta huteremka, kwa hiyo yanapodondokea sipo yanapotokea. Tuliona kifuniko cha ubavuni. Kati ya kifuniko na mwili wa moteri kuna jointi, karatasi nene inayozuia mafuta kupita kati ya vyuma viwili. Ilikuwa imepasuka upande wa juu. Sisi tulikuwa tunalaumu buloni ya chini kwa kuwa ndiyo iliyolowa. Nyumbani pia mke na mume wanagombana juu ya chumvi, kumbe neno lilisemwa miezi mitatu iliyopita.

Tatu, alitoa mafuta yaliyobaki, akafungua buloni, akakwangua jointi ya zamani. Hapo ndipo alikaa muda mrefu zaidi. Nilimwambia apake gundi ya silikoni juu yake tumalize. Akakataa: jointi mpya juu ya mabaki ya zamani itavuja, na gundi ikizidi, vipande vyake huingia ndani na kuziba njia ya mafuta. Alikwangua polepole asichubue chuma. Waefeso 4 linasema uchungu wote, hasira na matukano viondoke kwetu. Yote. Kuna watu wamesameheana juujuu, na mabaki yako chini.

Nne, alikata jointi mpya. Aliweka karatasi juu ya kifuniko, akagonga ukingo taratibu kwa nyundo ndogo mpaka umbo lote likakatika. Akakifunga kifuniko. Hakukaza buloni moja mpaka mwisho. Alikaza hii kidogo, kisha inayoikabili ng'ambo, kwa msalaba, akazunguka mara tatu. Ukikaza upande mmoja kwa nguvu, upande mwingine unainuka. Ukizidisha, jointi inaminyika na kupasuka. Ninyi wachungaji wenzangu mnaokemea, sikieni hapo.

Nilidhani amemaliza. Akaniuliza, "Jointi hii haikuwa na mwaka. Kwa nini ilipasuka?" Akaenda kwenye kibomba kidogo cha kupumulia juu ya moteri. Kilikuwa kimezibwa na unga ulioshikana na mafuta. Moteri ikikosa pa kupumulia, hewa ya ndani inasukuma, na inatokea pale palipo dhaifu.

Nilikumbuka kikao kile. Mimi ndiye niliyeziba. Kanisani kwangu watu hawakuwa na mahali pa kusema, kwa sababu kila neno lisilonipendeza nililifunga kwa maombi.

Jioni ile nilikwenda kwa yule mzee. Nilimwambia mbele ya mkewe: nilikusingizia, na sikukuacha ujibu. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Nilikuwa nangoja." Jumapili nilirudia maneno hayo mbele ya kanisa, maana nilimwaibisha mbele za watu.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwisha. Sasa anashiriki Meza ya Bwana, lakini daftari bado hajakubali kulishika. Simlazimishi. Fundi alituambia: moteri ikishafanya kazi na kupoa, rudini mkague buloni, maana jointi mpya hukaa polepole. Nami naenda kwake mara kwa mara, tunaketi, tunaongea.

Ndugu yangu, dada yangu unayenisikiliza, labda umefunga na kuomba, na nguvu hazikai. Usitangaze mfungo mwingine leo. Inama kwanza, utazame chini. Kuna jina la mtu limekujia tangu nianze kusema. Nenda kwake kabla jua halijatua. Ukifika, mwache naye aseme.

Tuombe. Baba, tuonyeshe tunapovujia. Tupe unyenyekevu wa kuzima, kufungua na kukwangua. Utuunganishe sisi kwa sisi kwa msalaba wa Mwana wako. Katika jina la Yesu, amina.