Sauti ya Klachi katika Pikipiki ya Zamani

Wasikilizaji wetu, leo twataka kusema nanyi habari ya sauti isikikayo katika klachi ya pikipiki ya zamani. Kwa mfano tumechagua BSA M20, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, tangu mwaka 1937 hata 1955. Injini yake ina silinda moja yenye sentimeta za ujazo 496, na katika vita vya 1939 hata 1945 ziliundwa zaidi ya 120,000 kwa ajili ya majeshi. Nyingine zingali zikiendeshwa na watu wazipendao.

Mwenye pikipiki kama hiyo asikiapo mgongano karibu na mguu wake wa kushoto, mara hushika spana akafungua kila kitu. Hilo si jema. Nati zilizozeeka huharibika upesi, na vipuri si rahisi kupatikana. Yatupasa kusikiliza kwanza, na kufungua baadaye.

Na tujue jinsi mtambo huu ulivyo. Injini na giaboksi ni vitu viwili mbalimbali, vimeunganishwa kwa mnyororo mfupi uliofichwa ndani ya kasha. Mnyororo huo huzungusha bakuli la klachi. Ndani ya bakuli mna pleti, na springi huzibana pleti hizo hata bakuli na kitovu chake vikaenda pamoja. Tukivuta mkono wa klachi, fimbo nyembamba ipitayo ndani ya shafti ya giaboksi hushinda nguvu za springi, pleti zikaachana. Bakuli lazidi kuzunguka, na kitovu chatulia.

Kabla ya jambo lo lote, tupime waya. Mkono wa klachi uwe na ulegevu kidogo, kama sehemu ya nane ya inchi. Usipokuwapo, fimbo husukuma daima, na ncha yake huchakaa.

Sasa tuwashe injini, isiwe katika gia yo yote, izunguke polepole. Tusikilize, kisha tuvute mkono, tusikilize tena. Hapo pana majibu matatu.

Kwanza, sauti yaanza tuvutapo mkono. Basi tushuku sehemu zifanyazo kazi wakati huo: beringi ya bakuli, ncha ya fimbo, na pleti zinazocheza katika nafasi zake. Kwa miaka mingi meno ya pleti hukata alama katika kingo za bakuli. Alama ndogo zaweza kulainishwa kwa tupa, lakini zilizoingia ndani sana zataka bakuli jingine.

Pili, sauti yatoweka tuvutapo mkono. Hapo shafti ya giaboksi imesimama. Kwa hiyo yaelekea kosa limo katika giaboksi, hasa katika beringi zake, wala si katika klachi. Asiyejua hili hununua pleti mpya, na sauti ikabaki pale pale.

Tatu, sauti haibadiliki. Hapo tuutazame mnyororo. Tuzime injini, tuubonyeze kwa kidole katikati: ulegevu uwe kama nusu inchi pale ulipokaza kuliko pote. Tupime mahali pengi, maana mnyororo hauchakai sawasawa. Ukiwa umelegea mno, giaboksi husogezwa nyuma, na baada yake mnyororo wa gurudumu na waya ya klachi hutengenezwa tena. Lakini mnyororo upigao kidogo injini ikienda kwa kusitasita, kisha ukatulia tukiiongezea mwendo, usitutie hofu.

Likibaki shaka juu ya springi, tufungue kifuniko, injini ikiwa imezimwa, tuvute mkono na kupiga kiki kwa upole. Pleti ya nje izunguke bila kuyumba. Ikiyumba, nati za springi hazikukazwa sawa.

Wasikilizaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mnyororo uliokatika njiani waweza kukunjamana ndani ya kasha, ukalipasua, na kulikaza gurudumu la nyuma, mpanda pikipiki akaanguka. Sauti ile ndogo ni onyo lililotolewa mapema, na kulisikiliza hakutugharimu kitu. Kwaherini.